Kizingiti au Jamvi

Mpaka wa shamba la Mzee Mwinuka ulikuwa mstari wa mianzi, na Odilia Mlowe alikuwa akiutembea taratibu, ndani ya kumbukumbu ya mzee mwenyewe, akihesabu mashina. Ukungu wa Njombe ulikuwa umelala juu ya kila kitu. Si wote uliokuwa ukungu wa kweli. Pale ambapo mzee hakukumbuka vizuri, ukurasa wa kumbukumbu yake ulififia ukawa mweupe tu, na wafanyakazi wa Baraza la Ardhi walifundishwa tangu wiki ya kwanza wasiukanyage weupe ule, kwa sababu nyuma yake hapakuwa na kitu. Alihesabu mashina arobaini na mawili. Kabla ya kufika la arobaini na tatu akakuta mlango.

Aliujua mlango ule. Mbao zake zilikuwa nyeusi kwa moshi, na bawaba ya juu ilikuwa kipande cha tairi kilichopigiliwa misumari miwili. Ulikuwa mlango wa jiko la mama yake, jiko lililobomolewa zamani, na hapa palikuwa shambani kwa watu ambao mama yake hakuwahi hata kuwafahamu.

Ndani moto ulikuwa unawaka. Mwanamke kijana asiyemfahamu alikuwa amekaa kwenye kigoda, akimenya viazi. Akainua uso.

"Karibu, dada," alisema. "Pita ndani, huko nje kuna baridi."

Mtu kukaribishwa kwao na mgeni! Odilia alisema "Ahsante" kwa sababu ndivyo alivyolelewa, kisha akili ikamrudia. Akabonyeza ushanga uliokaa nyuma ya sikio lake, na mianzi, mlango na moto vikazimika kwa pamoja.

Alikuwa tena kwenye chumba cha Baraza, kwenye kiti kigumu. Mbele yake alikaa Mzee Mwinuka, koti juu ya sweta na blanketi juu ya koti, amekunja uso.

"Binti yangu," mzee alisema, "nilikuruhusu uingie shambani kwangu uhesabu mianzi. Sikukuruhusu ujenge."

"Nisamehe, baba."

"Nimeisikia harufu ya viazi. Na mwanamke nimemwona. Sasa kesho na kesho kutwa nikiulizwa kama pale palikuwa na nyumba, nitaapaje kuwa hapakuwa nayo?"

Mwenyekiti wa Baraza, Erasto Mligo, mtu mpole asiyependa kupandisha sauti, aliufuta ushahidi wote wa asubuhi ile na kumwomba mzee arudi kesho alasiri. Mzee alipotoka, akamgeukia Odilia.

"Una vivinjari viwili kichwani."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Vimeanza kuvujiana. Kesho saa sita mchana uwe umebaki na kimoja. Ukibaki na Kizingiti, mzee akija utamhudumia wewe. Ukibaki na Jamvi sina ugomvi na wewe, Odilia, ila kazi hii hutaifanya tena. Watu wanatufungulia vichwa vyao. Hatuwezi kuingia na kundi la watu nyuma yetu."

*

Suala la kivinjari gani kinafaa lilikuwa limewachosha watu wa Njombe, na bado kila walipokutana waliliamsha upya mpaka chai ikapoa.

Kizingiti kilikuwa kivinjari cha watu wa ofisi. Kikavu, chenye adabu. Kikifika kwenye ukurasa wa mtu kinapiga hodi na kusubiri, na kisipojibiwa kinageuza. Ukitoka, kinasahau ulikokwenda. Vichupo, zile kurasa ulizoacha wazi, kinavifunga vyote jioni, na asubuhi hakikujui hata jina. Unajitambulisha upya kana kwamba ndiyo kwanza umeajiriwa.

Jamvi lilikuwa kitu kingine. Jamvi lilikujua. Ulikuwa hujamaliza kutamani habari ya mbegu za pareto nayo ipo mbele yako, imefupishwa kwa lugha unayoipenda. Lilichukua kumbukumbu zako, likazisafisha vumbi, likakutandikia ukurasa wa kwanza ambao haukuwa na maandishi wala picha, bali mahali. Ulifumba macho ukawa mahali hapo. Kwa Odilia mahali hapo palikuwa jikoni kwa mama, mwezi wa Juni, yeye akiwa na miaka saba.

Siku alipolivaa Jamvi mara ya kwanza, miaka mitatu nyuma, alikuwa nyumbani kwake akikanda chapati. Sauti ya mwanamke, sauti nzuri ya mtu mzima mwenye heshima, ilisema, "Hodi."

"Karibu," Odilia alijibu bila kugeuka. "Pita tu, mikono yangu ina unga."

Hiyo ndiyo ilikuwa sahihi yake. Kwa neno lile aliliruhusu Jamvi liingie kwenye kumbukumbu zake, na si kuingia tu, bali kuzitandika ili na wengine wakae. Yaliandikwa yote mahali fulani, kwa herufi ndogo. Kwenye nchi ambako watu hawapigi hodi, wateja waliisikia sauti ile wakauliza ni nani na anataka nini, na wengi wakakataa. Huku kwetu nani asikie hodi anyamaze? Wilaya nzima ilikaribisha. Mchungaji alikaribisha. Inasemekana Mwenyekiti Mligo mwenyewe alikaribisha akiwa anaoga, ndiyo maana alilihama mapema kuliko wote.

Odilia hakulihama. Alijua, kwa namna ambayo mtu hujua jambo asilotaka kuliangalia, kwamba huenda wengine waliingia kwenye jiko lile. Hakuwahi kuwaona. Jamvi lilikuwa hodari wa kuwapisha watu wasigongane, na huenda ni msongamano wa vivinjari viwili ndio uliovuruga ratiba yake. Yeye aliingia kila siku saa kumi, baada ya kazi, akakaa karibu na moto akamsikiliza mama akiimba, na kwa muda huo hapakuwa na jambo lolote duniani lililomdai.

*

Saa kumi ya siku ile aliingia akiwa na nia. Mlango, bawaba ya tairi, moshi. Mama yake alikuwepo, kijana, amejifunga kanga ya njano, anakoroga maharage huku akiimba wimbo usio na maneno. Na yule mgeni alikuwepo.

"Shikamoo, dada," alisema. "Umerudi."

"Marahaba. Wewe ni nani?"

"Somoe. Mtu wa Lindi, lakini sasa niko huko." Akaelekeza kisu juu, kwenye majani ya paa. "Kituo cha vioo, angani. Tunavigeuza vifuate jua. Huu mwezi wa kumi na nne sijakanyaga udongo."

"Na hapa umefikaje?"

"Jamvi liliniuliza kwenu wapi. Nikaliambia sina kwetu. Nimelelewa kwenye kituo cha watoto, tuko sitini, na wapishi wanabadilishwa kila mwaka. Likaniambia nisubiri. Baadaye nikaona mlango." Alimtazama Odilia vizuri, na kisu kikasimama. "Kumbe ni pako."

"Ni pangu."

"Puliza chini, siyo juu!" mama alisema ghafla. "Unataka kutujaza majivu?"

Somoe akainama upesi, akapuliza chini, na moto ukashika. Maneno yale Odilia aliambiwa yeye, miaka thelathini na minne iliyopita, na alilia siku ile kwa kugombezwa. Sasa yalimwangukia mtu mwingine, na mtu yule aliinuka anacheka, machozi ya moshi mashavuni.

"Sijawahi kugombezwa hivi," Somoe alisema. "Kule tuligombezwa wote sitini kwa mpigo. Huyu ananigombeza mimi."

Odilia alisikia wivu, wivu wa kitoto kabisa, na chini ya wivu ule alisikia furaha ambayo hakuitegemea. Jiko lilikuwa limempa mtu joto. Alikaa juu ya gogo la kuni akachukua kiazi, wakamenya wote wawili, na maganda yalipoanguka chini hayakutoa sauti, kwa kuwa alipokuwa mtoto hakuwahi kuyasikiliza.

"Dada," Somoe alisema baada ya muda, "nikikuambia kitu hutakasirika?"

"Sema."

"Kuna siku moja ambayo huja yenyewe bila kuitwa. Mama anakaa pale nyuma ya mlango, anauma kanga ili sauti isitoke. Mimi ikija hiyo naondoka. Wengine hawaondoki."

"Wengine gani?"

"Wanaosimama pale ukutani. Juzi nilihesabu kumi na mmoja. Wanasema inawasaidia. Wanamwangalia analia, na wao wanalia, wanatoka wamepata nafuu."

Kiazi kilimponyoka Odilia mkononi. Siku hiyo aliijua. Ilikuwa asubuhi baba yake alipofungasha nguo zake na kwenda kukaa na mwanamke mwingine Makambako. Mama aliingia jikoni, akaurudisha mlango, akakaa chini. Odilia alikuwa nje, jicho kwenye ufa wa mbao. Mama alipotoka uso wake ulikuwa umeoshwa, akamuuliza kama anataka uji. Hawakuwahi kuizungumza. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote, hata mume wake alipokuwa hai, na kumbe alikuwa ameifungulia dunia nzima akiwa na mikono yenye unga.

"Jamvi," alisema kwa sauti, "niondolee siku ile moja. Nyingine ziache."

"Samahani, Odilia," ile sauti nzuri ilijibu. "Kumbukumbu zako zimeshonwa pamoja. Tunaweza kuziacha zote au kuziondoa zote."

"Zikiondolewa, huyu hapa?"

"Somoe hatakuwa na ukurasa wa kwanza mpaka tumpatie mwingine. Kwa sasa hatuna mwingine unaomfaa."

Somoe alisikia yote. Aliendelea kumenya, polepole zaidi, kama anayetaka viazi visiishe.

*

Asubuhi Odilia alivuka mto kwenda kwa mama yake. Mahali palipokuwa na jiko la zamani pamepandwa miparachichi, mistari minne iliyonyooka. Mama alikuwa sebuleni anachambua maharage, mtu wa miaka sitini na saba, mgongo umeinama kidogo.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Nani? Aa, ni Odilia. Nilidhani watu wa sensa."

"Usinitanie, mama. Kazi zimenibana."

"Zimekubana tangu Pasaka. Kaa basi."

Odilia alikaa akaeleza. Alieleza vibaya, akaanzia katikati, kwenye vichupo na ushanga na namna vivinjari vinavyovujiana, na mama akamwacha aseme mpaka akafika mwenyewe kwenye jambo. Mara mbili mama aliinuka kwenda jikoni na kurudi, na kila mara Odilia alishika pale pale alipokomea.

"Watu kumi na mmoja," mama alisema mwishoni.

"Ndiyo."

"Wananiangalia nalia. Nimevaa nini?"

"Kanga ya njano."

"Ile niliichoma." Mama aliokota punje mbovu, akaitupa. "Kwa hiyo uliona."

"Nilikuwa kwenye ufa, mama."

"Miaka yote hii nimekuwa najipongeza. Najiambia, Agatha, mengi yamekushinda, lakini lile uliliweza, mtoto hakukuona."

Odilia akalia. Mama hakumbembeleza. Alimwacha alie, mikono yake ikiendelea na maharage, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeibiwa kitu ambacho hata polisi hawawezi kukiandika.

"Na huyo wa juu kwenye vioo," aliuliza baadaye, "nikilia anaondoka?"

"Anaondoka."

"Ana adabu. Moto anaupuliza vizuri?"

"Siku hizi unashika."

Mama alicheka kidogo puani. Kisha akaacha kucheka.

"Najua ulichojia. Unataka nikuambie ufunge, ili ukimfungia yule mtoto uwe umetumwa. Sikutumi. Machozi ni yangu na sitaki yaangaliwe, hilo lijue. Lakini neno karibu ulilisema wewe. Kama ni kumtoa mtu nje, mtoe kwa mdomo wako."

*

Ilipobaki robo kufika saa sita, Mwenyekiti Mligo aliweka fomu mezani. Ilikuwa na visanduku viwili tu. Odilia alimwomba dakika kumi, na Mwenyekiti akageuza kiti chake kuelekea dirishani, kama mtu anayempisha mwenzake avae.

Alijua anachoacha. Kwa miaka mitatu hakuwa amejisumbua kukumbuka chochote mwenyewe, Jamvi lilimkumbukia. Likiondoka litaondoka na ule wimbo, na mikono ile, na uso wa mama akiwa kijana, uliosafishwa kila nukta. Alijaribu, akiwa bado ameketi pale na macho wazi, kuuita uso ule bila msaada. Haukuja. Alikuja mwanamke yeyote mwenye kanga ya njano.

Akafumba macho akaingia.

Ukutani hapakuwa na mtu. Moto ulikuwa mdogo, mama anaimba, Somoe yuko na viazi vyake. Mwanga ulipenya kwenye nyufa ukiwa na vumbi ndani yake, na vumbi lile lilielea bila kushuka, siku ileile, saa ileile, kama lilivyoelea jana na litakavyoelea milele kama hakuna atakayeligusa. Odilia aliona angeweza kukaa hapa mpaka azeeke. Alishika mlango asije akakaa.

"Nimekuja kukuaga," alisema. "Saa sita nalifunga."

Somoe hakuinua uso mara moja. "Nimekosa nini?"

"Hujakosa kitu. Wewe ndiye uliyekuwa na heshima kuliko wote, kuliko hata mimi. Lakini siwezi kuacha watu wasimame pale wamtazame. Mama hataki."

"Hataki vipi, dada? Mtu aliyekwisha kufa atasemaje hataki?"

"Hajafa."

Kisu kilisimama.

"Anakaa ng'ambo ya mto," Odilia alisema. "Dakika ishirini kwa miguu. Nimetoka kwake asubuhi."

"Yupo hai."

"Yupo."

"Mimi nilifikiri unakuja hapa kwa sababu amekufa." Somoe alimtazama mama kijana akikoroga maharage, kisha akamtazama Odilia, na machoni mwake mlikuwa na kitu ambacho Odilia hakukipenda, kwa maana kilikuwa huruma. "Na wewe unakuja kukaa na huyu. Miaka mingapi?"

"Mitatu."

Moto ulilia kidogo. Somoe alikiweka kiazi ndani ya sufuria, akaufuta mkono wake kwenye goti.

"Yeye mwenyewe, huyo wa kweli," aliuliza, "leo anapika nini?"

Odilia alifungua kinywa. Alikuwa amekaa sebuleni kwa mama yake asubuhi nzima. Alikuwa amemwona akiinuka na kurudi, akiinuka na kurudi.

"Sijui," alisema.

"Mimi ningejua, dada." Hakulisema kwa hasira. Aliinuka, akanyoosha nguo yake. "Kwa heri, mama," alimwambia yule aliyekuwa anaimba, ambaye hakugeuka, kwa sababu siku ile ya Juni hakuna mtu aliyemuaga. Halafu Somoe akatoka mwenyewe, kabla hajatolewa, na hakuurudisha mlango.

Odilia alibaki na wimbo kwa muda wa pumzi mbili au tatu. Kisha akafungua macho, akavuta fomu, akatia alama kwenye Kizingiti.

Haikuuma. Nyuma ya sikio palipoa tu, kama mtu aliyekuwa amekaa karibu yako akiondoka. Mwenyekiti Mligo alimgeukia akamuuliza kama yuko tayari kwa Mzee Mwinuka alasiri, naye akasema yuko tayari, ila anaomba ruhusa ya saa moja kwanza, avuke mto. Alipokuwa anashuka ngazi alijaribu tena kumwita mama yake wa zamani. Ulikuja uso wa asubuhi ile, uliozeeka, umetokea kwenye mlango wa jiko na miwani imefunikwa na mvuke wa chungu ambacho Odilia hakuuliza kina nini.